Kanyaga Polepole, Mama

Baba Wambura,

Nilitaka kuandika "wangu" hapo mbele, nikaghairi. Uko Bunda kwa mke mwenzangu, mimi nimebaki hapa Nyasho na mtoto.

Jumamosi ulinipigia kutoka Kiabakari. Moyo ukanipasuka, dagaa wakaungua. Kumbe hukunikumbuka mimi, ulikumbuka breki ya gari. "Mama Wambura, breki ya nyuma imebana tena, diski inachoma. Tulikuwaga tunafanyaje?"

Tulikuwaga! Unaikumbuka safari ya Butiama, tulipokwenda msiba wa shangazi yako? Breki ilibana, na wewe kwa ujuaji wako ukaipaka pistoni, ile inayosukuma pedi, mafuta ya sangara niliyompelekea mama yako. Ikateleza, ukanitambia njia nzima. Siku chache baadaye mpira wake ukavimba, pistoni ikagoma kabisa. Tukaifungua hapa uani, tukaweka mpira mpya. Mimi nakanyaga breki, wewe unaikinga pistoni isichomoke. "Kanyaga polepole, mama, vidole vyangu viko humu." Maneno yako yote ya mapenzi nimeyasahau, hayo yamebaki.

Basi kwenye simu nikamsikia mwanamke nyuma yako: "Anasemaje?" Nina wivu, Baba Wambura. Naandika wazi, anayetaka asome. Nawe ukaniuliza, "Nipake mafuta ya kupikia? Dukani hapa yapo." Hujifunzi! Ningesema "paka" tu, basi. Breki ingewagomea huko mbele, na huyo bibi angeshuka kusukuma na viatu vyake vya kisigino. Nililitamani sana neno hilo.

Lakini Wambura ana baba mmoja. Nikakwambia utoe pedi, ukanyage mpaka pistoni itokeze kidogo, uisugue kutu kwa msasa laini, uipake mafuta ya breki peke yake, uirudishe ndani. Na urudie mpaka iende bila kukwama. Ukasema asante, ukasahau kukata simu.

Ndipo nikakusikia, "Kanyaga polepole, mama, vidole vyangu viko humu."

Hukuwa unasema na mimi. Ila nilipotazama chini, mguu wangu wa kulia ulikuwa unakandamiza sakafu ya jikoni, polepole.

Safari njema. Ikibana tena usinipigie, muulize yeye. Sasa anajua.

Mama wa mwanao,
Nyasho