Samaki wa saa saba

Leonia, Daktari Ebenezer kaumbuka! Kaumbuka mchana kweupe, huku kambi ya utafiti ya Lulindi, mbele ya wageni wote!

Miezi minne kazamisha kamera kijitoni kurekodi samaki wanavyoogelea na kula. Leo kawasha video, kifua mbele: "Kila saa saba mchana wanapanda juu kula. Ndiyo saa yao ya asili."

Saa yao ya asili, Leonia!

Mama Khalidi, mpishi wa kambi, akanyoosha mkono kwa adabu. "Daktari, saa saba si ndiyo nasuuza sufuria yako ya ugali hapo kijitoni?"

Hata hakumtazama. "Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

Mambo ya kitaalamu! Mgeni mmoja akataka kuona video nzima, maana msomi wetu huwa anaikata pembeni, eti mikono ya mpishi inaharibu picha.

Ikawekwa nzima. Mkono huo, sufuria hiyo, ukoko unaelea, na samaki wake wa asili hao, mbioooo!

Daktari anahangaika na waya ambao hauna tatizo lolote.

Mama Khalidi, taratibu kabisa: "Basi kesho nisisuuze, Daktari, tuone kama saa wanaijua."