Nyavu mu Minibus ya Dada Mwape

Chola, mujukuu yangu,

Jambo sana, wewe na batoto. Huku Kashikishi tuko bazima; mama yako anauza samaki, miye napumzisha magoti.

Unauliza namna ya kutengeneza ile minibus, mulale humo wote bila feza mingi. Dada yangu Mwape, kisha kufiwa na bwana yake, alitoa viti mu minibus yao, akafunga nyavu ya zamani huku na huku, akapeleka batoto kulala kando ya ziwa Mofwe. Nikamuuliza:

"Dada, batalala sawa samaki?"

"Acha bapande kwanza."

Nyavu ikayumba, batoto bakacheka. Tangu matanga hatukusikia kicheko yao. Mwape akageuka, akajifanya anakaza kamba, kumbe analia.

Anza na kamba, Chola. Miye sijaona nyumba muzuri kupita ile minibus.

Kambo yako