Posa Iliyosubiri Kamera Zifunguke

S.L.P. 214,
Karatu.
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Hilary,

Hujambo wewe? Mama watoto hajambo, na watoto wanaendeleaje na masomo huko Songea? Na mguu wako ulioteguka, sasa unakanyagia vizuri, au bado unachechemea na kuwadanganya watu kuwa umepona? Kama bado, acha kuupaka kila dawa unayoletewa na majirani. Nenda hospitali.

Sisi huku tu wazima, isipokuwa baridi. Ukungu wa kreta unashuka mpaka mjini, na saa nne asubuhi bado humwoni ng'ombe wako mwenyewe aliyesimama zizini. Nashona na koti mwilini. Kazi ya mahema ipo, tena tele, kwa sababu msimu wa wageni umeanza na kambi zote zimekumbuka ghafla kuwa turubai zao zilichanika mwaka jana. Maharage ya shamba la Mbulumbulu tumeshavuna, si mabaya.

Nimeamua kukuandikia barua kwa kuwa simu yako hukatika katikati ya maneno, na nikipiga tena najikuta nimeshapoa. Safari hii nataka hasira yangu ikufikie nzima. Halafu kuna watu watakupigia kuhusu Dorkasi, na wewe ndiye mjomba wake, lazima ujue cha kuwajibu. Kwa hiyo soma mpaka mwisho, usirukeruke mistari kama ilivyo kawaida yako.

Posa ya Modest unaijua. Ulikubali mwenyewe kwa simu kwamba mtoto wa marehemu dada yetu Sabina aolewe na yule dereva wa watalii, na ukamsifu eti ana Kiingereza kizuri. Tangazo la kwanza la ndoa lilisomwa kanisani, watu wakapiga vigelegele. La pili halikusomwa. Hilo nilikuficha, nikidhani ni jambo la kuisha ndani ya siku chache.

Ilikuwa hivi. Dorkasi anafanya usafi wa vyumba katika loji moja iliyo njia ya kwenda lango la Ngorongoro. Mwezi wa tano mgeni mmoja, mzee wa Kizungu, akasema darubini yake haionekani chumbani. Aliyeingia chumbani kusafisha ni Dorkasi. Basi, kwao kesi ilikuwa imekwisha. Meneja wao, Bwana Lekoko, hakumwita mwizi, maana ni mtu wa adabu sana linapokuja suala la kuumiza watu. Alimwambia tu akae nyumbani mpaka kamera zifunguke.

Sasa hizo kamera. Ziliwekwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, na mashine yake ya kurekodi inakaa chini ya meza ya mapokezi, imejaa vumbi na nyuzi za buibui. Tundu la kuiunganisha na televisheni liliungua radi ilipopiga mwaka juzi, na hakuna aliyejali kulitengeneza. Njia iliyobaki ya kuona picha ni kupitia kompyuta, kwenye kivinjari, na hapo kivinjari kinadai kile kijiprogramu cha kuchomekea, plagini, ambacho wenyewe waliokitunga walishakiacha siku nyingi na kompyuta za sasa hazitaki hata kukisikia. Haya ulinieleza wewe. Nayarudia ili ujue kuwa niliyaelewa, ingawa siku ile ulinicheka.

Wakamleta mtaalamu kutoka Arusha, kijana mmoja anaitwa Lengai, au Injinia Lengai kama anavyojiita mwenyewe kila anapotaja jina lake. Miwani ya jua hataki kuivua hata ndani ya nyumba. Akaja na kompyuta mpya nyembamba, akaiweka mezani taratibu kama anayelaza mtoto mchanga, akafungua ukurasa wa mashine. Kukatokea kiboksi cheupe na maandishi kwamba plagini haitumiki. Akakitazama kile kiboksi asubuhi nzima, na chakula cha mchana akala hapo hapo kwa gharama ya loji.

Siku ya pili akapakua plagini kutoka mahali anapopajua yeye, na kompyuta ikajaa matangazo ya kubeti na dawa za kupunguza tumbo. Siku ya tatu akasikia mahali kwamba ukirudisha tarehe ya kompyuta nyuma, programu zilizokufa zinafufuka. Akairudisha kompyuta ya mapokezi mpaka mwaka 2015. Plagini haikufufuka. Barua pepe za loji ndizo zilizogoma kufunguka, wageni wa Julai wakakaa bila majibu, na Injinia akasema hiyo ni hitilafu ya mtandao wa Karatu. Mwisho akatoa hukumu yake: kamera zimepitwa na wakati, zinunuliwe mpya. Niambie, Hilary, kamera iliyonunuliwa leo itaona nini cha mwezi uliopita?

Na muda ulikuwa unakwenda. Mashine ile hutunza picha kwa mwezi mmoja hivi, kisha huanza kufuta za zamani ili iandike mpya juu yake. Kila siku Lengai alipokaa akikwaruza kidevu, siku ya Dorkasi ilizidi kusogea ukingoni.

Katikati ya hayo wakaja wa upande wa Modest. Msemaji wao ni shangazi yake, Laurencia, yule mwenye duka karibu na stendi, anayesema kwa sauti ya chini ili uiname kumsikia. Akanywa chai yangu, akasifu maziwa, akaingia kwenye Kiiraqw cha taratibu kile cha wazee, akasema wao hawana neno na Dorkasi, wanampenda, ila wamemwomba padri asimamishe kwanza tangazo la pili mpaka kamera zifunguke. Nikamtazama Modest. Alikuwa anachezea simu. Nilipomwuliza yeye anasemaje, akasema anamwamini Dorkasi asilimia mia, lakini ni vizuri pia kuwa na uhakika. Mwanamume mzima, ndevu zote zile! Nilitamani nimwage chai iliyobaki kikombeni mwake.

Hujui tangazo la ndoa likikatika linavyosikika. Jumapili ile padri alisoma ya wengine wote, akafunga karatasi, na kanisa zima likageuza shingo. Kutoka hapo Dorkasi hakuimba tena kwaya. Tulipokwenda kwenye ubatizo kwa jirani, mama mmoja ambaye nimemshonea pazia za nyumba yake yote aliuondoa mkoba wake kwenye kiti cha katikati, akaupakata. Dorkasi aliona. Aliendelea kula wali wake.

Ndipo nikakupigia, nikakwambia tu kwamba kamera za kazini kwa Dorkasi ni mbovu. Ulinicheka kwanza, halafu ukaniambia niende nikakae mbele ya kompyuta yenyewe. Nikaenda na futi yangu ya kushonea shingoni, nikamwambia Bwana Lekoko kuwa mdogo wangu ataongea kwa simu na hapa pawe kimya.

Nashukuru sana kwa uvumilivu wako siku ile, mdogo wangu, na sitanii. Uliniuliza kwanza tarehe ya kompyuta, na kumbe ilikuwa bado 2015, Injinia hakukumbuka kuirudisha ya leo, tukaiweka sawa. Ukasema tuchomoe waya wa intaneti, kwa kuwa mashine iko humu humu ndani na plagini iliyoachwa na wenyewe ni mlango usio na komeo. Lengai alikuwa nyuma yangu anarudia neno hatari, hatari, yeye aliyeyaleta yale matangazo ya kubeti. Kisha ukanielekeza kwenye mipangilio ya kivinjari, tukakiruhusu kifungue kurasa kwa namna ya kile kivinjari cha zamani kilichostaafishwa, tukaandika anwani ya mashine, tukazima tukawasha, tukakubali plagini ile ile iliyokuwa imelala ndani ya mashine tangu siku ya kwanza. Kiboksi cheupe kikawa cheusi, kisha kikawa ua wa loji. Hapo simu yako ikakatika, na wewe ukadhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Tulitafuta ile siku tukaikuta. Alfajiri, mzee yule anatoka chumbani, darubini inaning'inia shingoni, kubwa, haifichiki. Anapanda gari kwenda kreta. Baadaye Dorkasi anaingia na ndoo, anatoka na mashuka machafu. Jioni mzee anarudi, shingo tupu. Ni hayo tu. Darubini ile haikuwahi kuachwa chumbani.

Dereva aliyemfungulia mlango wa gari tulimtambua wote, ni Tobiko, kijana wa Piyaya. Nikamwambia Bwana Lekoko ampigie mbele yangu. Tobiko akasema ndiyo, mzee aliisahau darubini pale watu wanapolia chakula cha mchana kwenye bwawa la viboko, walirudi wakaitafuta majanini wasiione, kisha mzee akajiambia mwenyewe labda aliiacha kitandani. Akasema hakuna mtu aliyemwuliza.

Bwana Lekoko akasema, basi sawa, Dorkasi aje kazini Jumatatu. Hilo ndilo lililomtoka, na pole hakuitamka. Lengai naye akapiga picha ile kompyuta kwa simu yake, akamtumia mwenye loji na maneno kwamba amefaulu kuifungua. Mwache. Wale wanaomlipa wanafanana naye.

Habari ilifika kwa Laurencia kabla mimi sijafika nyumbani. Kesho yake tu wakaja, na mbuzi, na kreti ya soda, na Modest amevaa koti. Laurencia safari hii aliongea kwa sauti ya juu, majirani wasikie: wanamshukuru Mungu ukweli umeonekana, na padri yuko tayari kusoma tangazo la pili Jumapili inayofuata. Nilikuwa nimejiandaa kuwatukana. Nilikuwa hata nimechagua maneno. Dorkasi akaniwahi. Aliwamiminia chai wote, akakaa, akamgeukia Modest.

"Tobiko haoshi gari pale pale unapooshea wewe?"

Modest akasema ndiyo.

"Kila jioni?"

Ndiyo, kila jioni, wanakunywa na chai.

"Na hukumwuliza."

Laurencia akaanza jambo kuhusu utaratibu na wazee. Dorkasi akamsubiri amalize, kisha akasema, "Mwambieni padri asisome," akainuka kukusanya vikombe, na vingine bado vilikuwa na chai.

Mimi sikuwa nimelifikiria hilo la Tobiko, Hilary. Nilikuwa nimemdharau Modest kwa mambo mengine, madogo madogo. Mwezi mzima mchumba wake anakaa ndani kama mgonjwa, na yeye kila jioni amesimama na ndoo ya maji pembeni ya mtu mwenye jibu, wanaongelea mpira. Mtu wa namna hiyo unampa mtoto wa Sabina ili iweje?

Mbuzi alirudi nao. Na vitu walivyoleta wakati wa posa nimewarudishia, baba mdogo Wilibrodi ndiye aliyevipeleka, na alivipeleka mchana kweupe kwa ombi langu.

Sasa linalokuhusu. Laurencia amepata namba yako, ameichukua kwa mke wa Wilibrodi ambaye hawezi kumnyima mtu kitu. Atakupigia na ile sauti ya chini. Atakwambia msichana ana hasira za utoto, mjomba ndiye mwenye neno, zungumza naye. Najua moyo wako, mtu akivuta kamasi kwenye simu wewe unakubali kila kitu. Safari hii usijifanye mpatanishi. Mwambie umesikia, na mtoto ameshajibu. Akiendelea, simu yako ikatike, hiyo kazi inaiweza vizuri.

Kazini Dorkasi hakurudi. Tunashona wote, yeye anaweka zipu za mahema, na anaziweka zikiwa zimenyooka kuliko zangu.

Nisalimie mama watoto, mwambie dawa ya kifua aliyonitumia imenifaa. Wasalimie watoto wote, na mzee jirani yako yule anayependa kuuliza habari za simba. Wilibrodi anakusalimu, anasema lini utakuja kumsaidia kuezeka jiko. Mungu akuweke pamoja na nyumba yako, aunyooshe huo mguu, na awaepushe binti zako na wanaume wanaosubiri uhakika.

Wako akupendaye siku zote,
dada yako,
Germana.

Mjomba, shikamoo. Mama mkubwa amenipa barua niisome kabla hajaifunga, nikaomba nafasi hii ndogo chini. Ameandika kama vile mimi sikuumia. Nimeumia. Nilimpenda Modest, na mpaka leo gari likipunguza mwendo hapa nje nainua kichwa. Laurencia akipiga, hilo usimwambie. Mwambie hapana.

Dorkasi.