Chupa Juu ya Friji

Louisville, Kentucky
7 Desemba 2014

Mpendwa kaka Bahizire,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hujambo? Mgongo unaendeleaje na baridi hiyo ya Kenmore? Sisi hapa tu wazima, ila huko ghalani wameniongezea zamu, na miguu inalalamika kuliko mimi mwenyewe.

Usijilaumu kwa kutofika mazikoni. Columbus nzima iliona kwenye televisheni jinsi theluji ilivyofunga njia zenu huko Buffalo. Kaka yetu Protasi tulimzika vizuri, na wanakwaya wa Linden, mtaa wake huko Columbus, waliimba mpaka sauti zikakauka.

Nakuandikia juu ya ile divai. Mwaka jana ulipopita hapa ulinikabidhi niipeleke kwenye harusi ya binti wa Protasi, Précieuse: divai nyekundu ya Bourgogne, kule Ufaransa. Ulisema bei yake ni nafuu, lakini zabibu zake zote zimetoka shamba moja, na Protasi ataelewa. Ninyi mliogombana miaka yote kwa ajili ya shamba la baba! Alielewa, kaka. Alisoma lebo, akaisoma tena.

Lakini wewe hukuja. Na unajua desturi yetu: mleta kinywaji hukionja kwanza mbele ya anayempa, aonyeshe kwamba hakina sumu, na moyo wake pia hauna. Nilitaka kuonja kwa niaba yako, akanizuia.

"Bon, acha ile chupa pale," alisema. "Mwenye aliituma atakuya, ataonja mbele yangu, donc tutakunywa."

Précieuse alikuambia tu kwamba haikufunguliwa. Ukadhani umekataliwa, ukasusa. Naye Protasi akadhani umekataa kuja. Vichwa vigumu, baba mmoja mama mmoja! Nimelia kwa huzuni, na kwa hasira pia.

Tulipokuwa tukisafisha nyumba baada ya mazishi, niliikuta juu ya friji, haijafunguliwa wala haina vumbi. Mke wake anasema kila Jumapili Protasi akitoka misa aliifuta kwa leso yake. Mgeni akiigusa, alimkemea: "Ile ni ya mdogo wangu."

Jules, mkwe wetu anayefanya kazi hotelini, anasema divai hulazwa mahali pa baridi. Joto la juu ya friji huiharibu. Nani angejua? Sisi tumezoea kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ambayo haijawahi kumngoja mtu. Huenda sasa ni siki.

Tunamaliza matanga Jumamosi baada ya Krismasi, hukohuko Linden. Funga safari, kaka. Nakuombea njia iwe nyeupe kwa baraka, si kwa theluji. Nisalimie wifi Kampire na Gentille wetu. Mjane wa Protasi anawasalimu, na chakula chenu atapika mwenyewe.

Chupa tumeiacha palepale, na kiti cha Protasi hakuna anayekikalia. Njoo uonje mbele yake, hata kama ni siki.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukisusa,
Nzigire