Mke Mwenzangu ni Mlima

Baba Zuhura,

Salamu zako zimefika, na ujumbe wako umefika. Zuhura aliuleta Ijumaa baada ya swala, akiwa na mfuko wa vitambaa kutoka kibanda chake cha soko la Kimironko, akakaa mbele ya cherehani yangu na kuuzungukazunguka mpaka nikamwambia aseme tu. Akasema muda wako wa kustaafu umefika, lakini wakubwa wako hifadhini wanakuomba ubaki miaka miwili zaidi huko mlimani, uwafundishe vijana wapya kufuata nyayo za sokwe. Nikamuuliza wewe umejibu nini. Akaangalia chini, akasema umejibu hivi: "Mama yako ndiye aseme."

Haya, mama yake anasema. Nakuandikia kwa sababu simu yako huko juu hushika mtandao inapojisikia. Na naandika wazi kwa sababu najua siko peke yangu. Wapo wanawake wengine walioolewa na wanaume wa mlima, huko Musanze, chini ya mlima, wamejaa, nao wasome. Jibu lako lipo, lakini utanivumilia nianzie mbali kidogo.

Ulinikuta kwa mama mdogo, nyuma ya msikiti, nikiwa na mwaka mmoja tu tangu turudi kutoka ukimbizini Karagwe, Tanzania. Nilikuwa nauza chai na chapati. Wewe ulikuja Kigali kutafuta mabuti, ukakaa, ukaagiza chai ya tangawizi, ukaanza kusimulia. Kijana mwingine angeniambia nina macho mazuri. Wewe uliniambia kuhusu Bisoke, kwamba kileleni kuna ziwa la duara, na ukungu ukiondoka unaliona lote kwa muda mfupi tu, kisha linafunikwa tena. Ukaniambia Sabyinyo ina meno mabovu kama ya mzee, na kwamba kule kuna miti yenye ndevu. "Kule iko baridi sana, lakini iko muzuri," ulisema, na mimi wa Karagwe nikakicheka Kiswahili chako huku nikikuongezea chai bila kuombwa. Nilidhani unanitongoza. Kumbe ulikuwa unanisimulia habari za mtu wako.

Nikaolewa. Mama mdogo alinionya kwamba mwanamume wa dini yetu anaweza kuongeza mke, nijiandae moyoni. Nilijiandaa kweli. Nilikuwa tayari kwa mwanamke wa Nyamirambo, wa Gisenyi, wa popote pale. Ningemtazama toka unyayo hadi utosi, ningemtafutia kasoro, na kasoro ningeipata. Hakuna aliyeniandaa kwa mke mwenza mwenye vilele vitano, anayeamka kajifunika ukungu na kujifunua saa anayotaka yeye.

Ulikuwa unashuka siku chache tu kila mwezi. Wenzangu wakifua mashati ya waume zao wananusa manukato ya watu. Mimi nilinusa koti lako nikakuta moshi, tope na majani yaliyopondwa, yale ya mlimani yenye harufu kali kama seleri, ambayo sokwe wanayapenda. Nililifua mara mbili na harufu haikutoka.

Na kazi yenyewe, jamani. Kila asubuhi mnaanzia pale walipolala jana yake. Mnavitafuta viota vyao vya majani, mnachungulia nani kalala na nani, mtoto yupi kalala kifuani kwa mama yake, nani kajitenga kwa hasira. Ulikuwa unanisimulia hayo huku ukila, kwa furaha ya mtu anayeeleza habari za nyumbani kwake. Mimi nakuongezea maharage na kujiuliza kama kuna asubuhi hata moja uliyowahi kuuliza mimi nimelalaje.

Halafu zile pua. Ulimweleza Zuhura, akiwa bado mdogo, kwamba ingagi, kama mnavyowaita sokwe wenu, wanatambulikana kwa mikunjo ya pua, kila mmoja na yake. Ukamchorea pua za ukoo mzima kwenye karatasi ya kufungia sukari: huyu ana mkunjo mmoja katikati, huyu ana alama kama mwezi mwandamo, huyu alichanika akipigana. Nilikuwa nakata vitunguu. Nikakwambia ufumbe macho.

"Nimefumba."

"Haya, niambie pua yangu ikoje."

Ulijikuna kidevu. Ulijikuna mpaka Zuhura akaanza kucheka. Mwishowe ukasema, "Pua yako iko... iko muzuri, mama Zuhura." Nilicheka pamoja nanyi, lakini mboga za siku hiyo zilikuwa na chumvi ya kutosha nyumba tatu, na haikuwa bahati mbaya.

Kitu kimoja tu kilikuwa upande wangu, nacho ni mafua. Kwa kuwa sokwe wanaambukizwa maradhi yetu na mafua yanaweza kuwaua, anayepiga chafya hasogezwi karibu nao, anateremshwa. Basi mimi ndiye nilikuwa mwanamke pekee katika mtaa wetu anayefurahi mumewe akiumwa. Unafika macho mekundu, pua inachuruzika, nami nakupokea kama bwana harusi: supu ya kuku, limau, pilipili manga, blanketi zito. Bi Mariamu jirani yetu alisimama dirishani siku moja akashangaa, "Wee mama Zuhura, mutu anaumwa na wewe uko unaimba?" Niliimba, ndiyo. Ila leo nakuuliza, kwa haki gani huyo mke mwenzangu alipewa wewe ukiwa mzima na mimi nikapewa mgonjwa? Kikohozi kikiisha tu, unakunja nguo zako.

Mwaka jana, masika yalipokwisha, familia za wafanyakazi ziliruhusiwa kupanda, na Zuhura akanishikilia twende. Nilikubali kwa sababu moja tu: nilitaka kumwona mke mwenzangu. Nikanunua mabuti ya mpira, nikavaa suruali ndani ya gauni, tukapanda basi kituoni Nyabugogo.

Nilitaka awe mbaya. Mungu anisamehe, nilipanda nikiomba nikute pori la kawaida, tope na miiba, nirudi nyumbani Rwezamenyo nimetulia. Tulipita mashamba ya viazi na ya pareto yenye maua meupe, tukafika kwenye ukuta wa mawe meusi uliojengwa kuzuia nyati wasishuke mashambani. Ng'ambo ya ukuta kukawa baridi ghafla. Mianzi ilikuwa imeinamiana juu yetu, mwanga ukawa wa kijani, na kima wenye mgongo wa dhahabu walikuwa wanarukaruka huko juu wakitudondoshea maganda ya machipukizi. Ulituonyesha alama za kwato kwenye tope, maji ndiyo kwanza yanaingia ndani yake, ukasema nyati amepita sasa hivi. Majani ya kuwasha yakanichoma kupitia suruali, nikamwambia Zuhura, unaona, ameanza kunipiga. Kisha tukatoka kwenye mianzi, na ile miti uliyonisimulia kwa mama mdogo ikawa mbele yangu, minene, ya kale, ndevu zake za kijani zinaning'inia mpaka begani kwangu. Ukungu ukafunguka na Karisimbi ikaonekana yote, na weupe kidogo kileleni. Nilisimama. Zuhura akaniuliza kama nimechoka, nikasema ndiyo. Sikuwa nimechoka. Alikuwa mzuri kuliko ulivyosema, na roho iliniuma.

Na wewe, je? Mume ninayemjua mimi hukaa sebuleni kwangu kama mgeni anayesubiri kukaribishwa chakula, anajibu ndiyo na hapana. Yule aliyetutangulia na panga alikuwa mtu mwingine. Alikuwa anacheka, anawatania vijana, anaruka mizizi bila kuitazama, na lile goti linalokuuma ukiwa kwangu halikumuuma hata kidogo. Nilitembea nyuma yako nikikuangalia kwa kijicho, kama nakuona katika nyumba ya mtu.

Ukainua mkono tusimame. Tukavaa barakoa. Ukatoa sauti ya kooni, nzito, nusu kukohoa nusu kuguna, mara mbili.

Baba Zuhura, sauti ile naijua. Ndiyo unayotoa mlangoni kwangu kabla hujavua viatu, tangu tuoane. Hujawahi kupiga hodi kama watu. Unaguna vile, na mimi huko jikoni moyo unalegea, najua umefika. Niliihesabu kuwa yangu. Sasa mbele yetu, ndani ya majani, kitu kikaguna vilevile, kikakujibu. Matawi yakapanuka akatokea dume, mgongo mweupe, kichwa kama sufuria ya harusi, akakutazama, akakaa chini, akaendelea kutafuna. Nyuma yake majike na watoto. Jike mmoja, mwanawe kamng'ang'ania mgongoni, alipita karibu sana nami, wewe ukanivuta nyuma, ukaniambia nimpishe yeye. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Niliwasikia mkikohoana mbele ya macho yangu.

Tulipokuwa tunashuka nikakuuliza ile sauti maana yake nini. Hukuona kosa lolote, ukanieleza kama unavyowaeleza wageni: "Inasema ni mimi, nimekuja kwa amani, usikasirike." Yaani miaka yote hiyo ulikuwa unaingia nyumbani kwangu kama anayemwendea dume lenye hasira. Zuhura alicheka mpaka akakaa kwenye tope. Mimi sikukusemesha mpaka Musanze, na wewe, kwa ulivyo, hukujua kama nimenuna.

Sasa wanaomba miaka miwili. Bi Mariamu ananiambia ihangane, nivumilie, eti miaka miwili ni kufumba na kufumbua, eti mlima umetusomeshea mtoto na kutuezekea nyumba. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mlima umetulisha, sikatai. Najua mitego ya waya mliyoitegua, ile ambayo majangili wanawategea paa na nyati, kisha mkono wa mtoto wa sokwe ndio unaonasa. Nimekufunga vidole vilivyochanika kwa kazi hiyo. Najua walikuwa wachache na sasa wameongezeka, na jasho lako limo. Ningekuwa na mke mwenza asiye na maana ningekuwa nimemshinda zamani.

Na najua jibu linalongojwa. Mwanamke mwema anaandika: baki mume wangu, viumbe vya Mungu vinakuhitaji. Nilijaribu kuliandika. Mkono ulikataa, nikaichana karatasi. Nina wivu, Baba Zuhura, nasema bila kutafuna maneno. Naionea wivu mianzi inayokusikia ukicheka. Nawaonea wivu hao vijana watakaokuwa na wewe asubuhi. Namwonea wivu mpaka yule jike uliyeniambia nimpishe, na ninajua ni mnyama, na kujua hakunisaidii.

Jana nilimuuliza Zuhura jambo ambalo sikuwahi kukuuliza wewe. Nilitaka kujua inakuwaje sokwe wa porini kabisa, asiyemjua binadamu, akubali mtu akae karibu naye. Akanieleza kama ulivyomfundisha. Anazoeshwa. Mnamwendea kila siku. Mwanzoni anakimbia, au anawafukuza, anapiga kifua, anang'oa miti na kuirusha, nanyi mnarudi kesho yake. Mnakaa tu mnapoonekana, hamumwombi kitu, mvua ikinyesha mnalowa. Mpaka siku moja anakula mbele yenu bila kuwajali. Nikauliza inachukua muda gani. Akasema miaka miwili, wakati mwingine zaidi.

Miaka miwili ya kila siku. Mimi na wewe tuna mtoto mtu mzima, tuna nyumba, lakini hatujawahi kumaliza mwezi mmoja pamoja bila wewe kupanda au kuumwa. Hakuna aliyepata nafasi ya kumzoea mwenzake.

Basi neno langu ni hili, wapelekee wakubwa wako kama lilivyo. Hiyo miaka miwili siwapi, naitaka mimi. Shuka. Siku za mwanzo nitakukimbia, nitakununia, huenda nikakufukuza na kurusha vitu. Wewe rudi kesho yake, ukae.

Mkeo,
Mama Zuhura
Rwezamenyo