Paka wa Fundi Cherehani

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeshika mbwa tisa, hakuna aliyening'ata. Tisa! Mikono hii imeosha farasi wa matajiri katika nchi tatu, itashindwa na vijibwa vya sebuleni? Bosi ana shahada yake ya udaktari wa mifugo ukutani, sawa. Lakini bila mimi kumshikia mnyama, sindano angemchoma nani?

Kichekesho cha siku: dada mmoja fundi cherehani, futi ya kupimia bado iko shingoni, kaleta paka anayejikuna masikio. Bosi hata glavu hajavaa, dada katoa simu. Kasoma hivi, kaona picha vile, je, si wadudu wa masikioni? Nikashindwa kujizuia. Nikapaza sauti hadi benchi la nje: "Jamani, mpisheni profesa, kasomea chuo kikuu cha bando!" Benchi zima hoi kwa kicheko. Naye akacheka — meno tu.

Walikuwa wadudu wa masikioni kweli. Kabahatisha.

Jumanne, 4 Machi

Bosi kaniita stoo. Nilidhani napongezwa. Wapi! Eti simu si adui yake, hata yeye huchungulia humo vipimo vya dawa (nimemwona!). Anayesoma akaja kuuliza, wanasahihishana dakika tano, yameisha. Anayemnyima raha ni yule anayesoma, akajaribu, kisha akaficha. Nikaitikia: ndiyo Bosi, ndiyo Bosi. Moyoni nikasema, utani haujaua mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Yule dada karudi asubuhi, mbio, paka kamviringisha kwenye gauni la mteja. Paka uso umevimba, mdomo wazi, anahema kama mbwa aliyefukuzwa. Nikamwinua mdomo wa juu — fizi rangi ya matope! Bosi akauliza, umempa chochote? Hapana, daktari. Dawa yoyote ya watu? Hapana. Ila alipojibu hakumtazama Bosi. Alinitazama mimi.

Huyu anaficha — na aliyemfundisha kuficha ni mimi.

Bosi kamwekea paka hewa ya mtungi. Anasema bila kujua alichokula anapapasa gizani, na muda unakwisha. Nikatoka.

Dada yuko mwisho wa benchi, anaisokota futi kidoleni. Nikachuchumaa. Dada yangu, Jumatatu nilikukosea. Akasema, nenda kachekeshe watu, kaka, ndiyo kazi yako. Wenye mbwa wakatega masikio. Basi wasikie! Nikatoa sauti ileile ya Jumatatu: "Mimi nimeishia darasa la tano. Mbwa wangu mwenyewe nilimpaka oili chafu ya gari kutibu upele, eti jirani kaniambia. Akanifia mikononi. Profesa wa bure ni mimi!"

Hakuna aliyecheka.

Dada akafungua pochi. Kidonge cha maumivu, cha watu. Nusu jana jioni, nusu leo alfajiri. Paka alikuwa na joto, kasoma mahali kwamba kinashusha. Alitaka kuja kuuliza kwanza. Akalikumbuka benchi.

Niliingia ndani kama nafukuzwa na nyuki. Bosi hakugomba. Aliuliza saa tu — saa ngapi cha kwanza, saa ngapi cha pili — mkono tayari uko kabatini.

Sasa tunasubiri. Naandika hapa hapa benchini, nyuma ya kadi ya chanjo. Dada kaomba jina la dawa anayopewa paka, akaisome. Bosi kaliandika kwa herufi kubwa. Tumesoma pamoja, simu moja, vichwa vinagongana. Tulipofika mstari wa tatu kaniuliza, kaka, neno hili maana yake nini?

Sijui, dada.

Tangu nianze kazi hapa sijawahi kulitamka hilo.

Mlango umefunguka. Bosi kachungulia. Anaita mtu mmoja tu aingie kumshika paka — mimi, si dada.