Pua ya Kiwanda

Nyumba ya Geti la Bluu,
Nyuma ya Kiwanda cha Viatu.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe, na shemeji hajambo? Mtoto ameota meno mangapi sasa? Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua, ila ulimi uko palepale. Mimi nina kasoro moja, na ndiyo iliyonikalisha kitako nikuandikie.

Manukato yako yalifika Jumamosi ya wiki juzi. Asante sana, umetukumbuka. Mama alijipulizia mpaka kwenye kitambaa cha kichwa, binti yangu akasema nyumba nzima inanukia. Nikajipulizia mkononi, nikanusa. Maji matupu. Nikadhani wananitania. Nikaenda jikoni nikanusa kitunguu, nikanusa na mafuta ya taa. Hakuna kitu. Nikakaa kwenye kigoda.

Unajua kazini wananiita Pua. Ile thina tunayolainishia gundi ya soli inashika moto upesi kama petroli, na mvuke wake ukiuvuta sana unakulewesha na kukuumiza. Basi miaka tisa hakuna aliyeingia stoo ya mapipa kabla sijasimama mlangoni nikanusa. Nikisema ingieni, wanaingia. Nikisema bado, hata meneja anasubiri. Usinicheke, kichwa kilinivimba. Tulikuwa na kipimo cha mvuke, lakini kililala kabatini kwa sababu mimi nipo.

Kwa hiyo sikumwambia mtu. Nilijipa moyo kwamba ni mafua, Jumatatu nikaenda kazini kama kawaida.

Saa nne hivi akaja fundi wa kuchomelea vyuma, yule mcheshi tunayemwita Cheche, atengeneze rafu iliyovunjika humo stoo. Akasimama mlangoni na mashine yake, akaniuliza, "Vipi Pua, kuko salama?" Nikanusa. Kwangu mimi hewa ilikuwa safi kabisa. Hili sijamwambia mtu mwingine, mdogo wangu: nilishafungua mdomo, na neno "ingia" lilikuwa ulimini. Ndipo nikakumbuka manukato yako.

"Usiniulize mimi," nikamwambia. "Pua yangu haisikii kitu tangu juzi."

Alicheka. Aliponiangalia usoni akaacha, akaweka mashine chini taratibu. Akaitwa afisa wa usalama, akaja na kile kipimo, akakishusha karibu na sakafu maana mvuke wa thina ni mzito, unatulia chini. Kikaanza kupiga kelele kabla hajavuka kizingiti. Kumbe kuna pipa lilikuwa limeachwa bila kukazwa kifuniko. Cheche akaenda kukaa kwenye ngazi za nje mpaka mchana. Mimi nilijifungia chooni nikalia.

Daktari anasema ni ile thina, imenichosha pua kidogo kidogo. Hata yale maumivu ya kichwa niliyokuwa nasema ni ya jua, ni hiyohiyo. Na ameniambia jambo lililoniuma: hata pua nzima huzoea harufu ikaacha kuisikia, kwa hiyo miaka yote hiyo walikuwa wananiamini bure. Huenda itarudi nikikaa mbali na mvuke, huenda isirudi. Kwa sasa nimehamishiwa kwenye kufungasha viatu.

Huko stoo mambo yamebadilika. Kipimo kinatangulia, feni ya kutoa hewa haizimwi, na matambara yenye thina yanatupwa kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko. Vile vitambaa tulivyokuwa tunajifunga usoni vimepigwa marufuku, havizuii kitu. Wamepewa barakoa zenye chujio la mvuke. Kwa hilo hakuna anayemshinda Cheche. Haingii mpaka akisome kile kipimo kwa macho yake mwenyewe. Anapita kwangu kila asubuhi kunisalimia, na siku hizi hatanii.

Naona aibu, sikufichi. Nusura niue mtu kwa kuogopa kupoteza jina la utani.

Msalimie sana shemeji, mbusu mtoto, mwambie ni busu la mama mkubwa. Mama anakusalimia, binti yangu naye anauliza utakuja lini. Mungu awalinde, awape afya na usingizi mtulivu.

Manukato usiache kutuma. Asubuhi hii nimejipulizia kabla ya kutoka, Mama akasema nimezidisha, nitaumiza watu vichwa. Zamani ningebishana naye. Leo nimerudi ndani nikabadilisha gauni.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Pua (bado wananiita hivyo)